Mwangalizi wa ng'ombe ambaye picha zake hudhaniwa michoro ya kale

Saa kumi na moja na robo alfajiri, jua la Juni limeshachomoza na Dulcie Borrett amesimama mtoni, maji yakimfika magotini, gambuti zimejaa hadi juu, anahesabu ng'ombe kwa sauti. Akifika ishirini na sita anakatiza, anamkemea mbwa wake, kisha anaanza upya kutoka moja.

"Usiponiacha nihesabu, leo hupati kifungua kinywa," anamwambia mbwa huyo, Moth, ambaye haonyeshi wasiwasi wowote.

Ukungu umelala juu ya malisho, kimo cha kiuno cha mtu, kwa hiyo kinachoonekana cha ng'ombe ni migongo tu. Nyuma yao ipo mierebi mitatu iliyoinamia maji, halafu mnara wa kanisa la Brendham, halafu mawingu. Dulcie anamaliza hesabu, anaandika "31" kwa kalamu ya wino juu ya kiganja chake, na hapo ndipo anapoitoa kamera iliyokuwa ikining'inia shingoni ndani ya mfuko wa mkate.

Anaielekeza. Anangoja. Dakika tisa zinapita, na mwandishi wa habari aliyesimama kavu ukingoni anaanza kuhisi baridi kwa niaba yake. Kisha anapiga picha moja tu, anaifunga kamera kwenye mfuko wa mkate na kutoka majini akicheka peke yake.

"Yule mwenye baka jeupe alikuwa ameupa mto makalio," anaeleza huku akimwaga maji kutoka gambuti ya kushoto. "Nani ataning'iniza makalio ya ng'ombe sebuleni kwake? Nikasema acha nimsubiri ageuke. Kageuka."

Dulcie ana miaka 58, na kwa miaka 22 amekuwa mwangalizi wa ng'ombe katika bonde la mto Brend, Suffolk. Wafugaji wanaoishi mbali na mto huleta ng'ombe wao kwenye malisho ya bondeni kuanzia Aprili hadi Oktoba, na mtu mmoja hulipwa awapitie kila siku: awahesabu, aone nani anachechemea, nani jicho linatoa machozi, nani amekwama matopeni.

Msimu huu anaangalia ng'ombe 186 wa wafugaji watano, kwa pauni moja kwa kila ng'ombe kwa wiki. Majira ya baridi huosha sufuria katika jiko la shule ya msingi. Mumewe, Len, dereva mstaafu wa lori, ndiye anayepika nyumbani, na anapenda watu walijue hilo.

"Mimi silipwi kufanya kitu, nalipwa kuona," anasema Dulcie. "Jioni nampigia mtu simu, namwambia wako wote wapo, wazima. Yeye yuko maili kumi na mbili kule, anakunywa chai yake. Ataniamini au hataniamini. Kazi hii haina risiti."

Maneno hayo msomaji ayaweke moyoni, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa hatarini Agosti iliyopita, siku ambayo kijiji kizima kilitembea kwenda kuwatazama ng'ombe kikiwa kimeshika sahani za keki.

Upigaji picha wa Dulcie ulianza na kwato. Miaka tisa iliyopita mfugaji mmoja alitaka kuona kwato la ng'ombe wake kabla ya kumwita daktari wa mifugo. Dulcie akalipiga picha kwa simu na kumtumia, naye akaipeleka kwa daktari. Jibu la daktari lilisema kwato lina uvimbe, litibiwe, lakini hicho kilichopo nyuma ya kwato ni nini, mbona kizuri hivyo?

"Ulikuwa mto," anasema. "Nimeuona kila siku, ila sikuwa nimeuona."

Kamera aliyo nayo aliinunua kwenye mnada wa vitu kuukuu wa kanisa. Lenzi yake ina ukungu wa ndani usiofutika, na muuzaji alimwomba radhi kwa hilo. Hakujua anampa nini. Kupitia ukungu ule kijani hutulia, nyeupe huwa na umanjano kidogo, na kila kitu hupata rangi ya chai iliyosahauliwa mezani. Dulcie hana picha ya jua kali hata moja.

"Jua kali ni la watu wa likizo," anasema. "Mimi nipe wingu. Na mbingu nipe nyingi, theluthi mbili. Ng'ombe na miti watajibana hapo chini, wamezoea."

Matokeo yake humfanya mtu asimame. Picha zake zinafanana mno na michoro ya mandhari ya wachoraji wa kale wa Kiingereza, ile yenye mito mivivu, miti mizito na mawingu yaliyojaa kama magunia ya sufi. Ni michoro ambayo Mwingereza huifahamu kabla hajajua kusoma, maana imechapishwa kwenye makopo ya biskuti, kalenda, sinia na taulo za jikoni. Halisi yenyewe imetundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa huko London. Dulcie hajawahi kuingia humo.

"Bibi yangu alikuwa na vitambaa sita vigumu vya kuwekea sahani mezani, kila kimoja na mandhari yake," anakumbuka. "Nimekula viazi juu ya mandhari mpaka nimeolewa. Ukimaliza chakula, chini ya sahani kuna mto unakusubiri. Mimi nilikuwa na kile cha farasi, na farasi hakuwa na kichwa kwa sababu bibi aliwahi kuweka sufuria ya moto pale pale."

Hiyo ndiyo shule yake ya sanaa, na ukiangalia picha zake utakubali kwamba alihitimu.

Sasa tuje kwenye maonyesho. Kila Jumamosi ya mwisho ya Agosti, Brendham hufanya maonyesho ya maua na mboga ndani ya hema jeupe nyuma ya kanisa. Asiyewajua watu hawa atadhani ni mchezo. Wapole wa mwaka mzima, wanaoomba samahani hata wakikanyagwa wao, siku hiyo hupima maharage kwa rula. Jemu isiyofika ukingoni mwa chupa hukataliwa. Vitunguu vikifungwa kwa uzi usio wake hukataliwa.

Kinachokataliwa huwekewa kadi yenye maneno mawili: Haikufuata Masharti. Hakuna aibu inayoizidi kadi hiyo. Wazee wanamkumbuka bwana mmoja aliyeweka plamu sita kwenye sahani pale kijitabu kilipotaka tano. Alihama kijiji mwaka uliofuata. Mwenyewe anasema alipata kazi kwingine, na sisi hatubishani naye.

Kuna mila mbili hapo ambazo hazivunjwi. Kwanza, jaji lazima atoke kijiji kingine, asije akampendelea mtu. Pili, wakati wa kuamua, hema hufungwa, na msimamizi anayemfuata jaji na kalamu na kadi haruhusiwi kumwambia neno lolote mpaka jaji atie sahihi kwenye daftari. Ruhusa moja tu anayo: kumjulisha kwamba chai iko tayari.

Jaji wa picha mwaka jana alikuwa Bwana Ambrose Tillett, miaka 74, mwalimu mstaafu wa sanaa kutoka Stonley, maili kumi na nane kutoka hapo. Msimamizi wake alikuwa Bi Marjorie Pask, mzaliwa wa Brendham, mwanamke ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akinywa maji.

Bwana Tillett alipofika kwenye kundi la "Mandhari ya parokia yetu" alisimama mbele ya picha ya Dulcie: ng'ombe ndani ya mto, mierebi, mnara wa kanisa, mawingu. Akaitazama kwa miwani. Akaitazama bila miwani. Akatoa kioo cha kukuzia. Mwisho akatikisa kichwa kwa masikitiko na kuamua kwamba mshindani huyu amepiga picha mchoro wa kale na kuuleta kama mandhari.

Bi Marjorie alikuwa ubavuni pake. Alikuwa amevuka mto huo, mahali hapo hapo, kwenda shule kwa miaka sita.

"Niliuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya damu," anasimulia. "Lakini masharti ni masharti, kifungu cha kumi na moja. Nilichoweza kumwambia ni kwamba chai iko tayari. Nikamwambia mara nne. Mara ya nne nilipiga na mguu chini."

"Nilidhani mama wa watu ana kiu," anasema Bwana Tillett.

Mlango wa hema ulipofunguliwa saa nane mchana, Dulcie aliingia na Len, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya picha. Kadi ilikuwa pale. Chini ya yale maneno mawili jaji alikuwa ameongeza kwa mwandiko mzuri wa kiualimu: Ni nakala ya mchoro.

Watu wakajikusanya kama wanavyojikusanya watu. Miongoni mwao alikuwa Roy Thurlow, mfugaji, mwenye wale ng'ombe 31 wanaolisha kivukoni, hao hao waliokuwa kwenye picha.

"Haya Dulcie," akasema Roy, mdomo una keki. "Na wale thelathini na mmoja wangu unaonihesabia kila jioni, hao nao unawatoa kwenye mchoro gani?"

Hema zima likacheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida, hakikuwa na sumu, na hata Len alicheka. Dulcie hakucheka.

"Roy ni mtu mwema, utani wake ni wa tangu utotoni," anasema. "Ila niliwaona wafugaji wawili wengine wanatazama viatu vyao. Nikajua usiku nikiwapigia simu niseme wote wapo, watasita kidogo. Sekunde moja tu. Mimi naishi kwa sababu sekunde hiyo haipo."

Masharti yaliruhusu kupinga kwa maandishi kabla ya saa tisa. Dulcie hakupinga. Alitazama saa, akaona ni nane na nusu, akamwambia Len amchukulie jioni mtungi wa mama yake uliokuwa kwenye meza ya maua, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ilikuwa zamu yake ya mchana, na ng'ombe hawajui maonyesho. Anakiri kwamba njia nzima alikuwa akilia, na anaisimulia sehemu hiyo haraka kuliko nyingine zote.

Huku nyuma, Bwana Tillett alimaliza chakula chake cha mchana, akaletewa daftari, akatia sahihi. Hata kalamu hakupata muda wa kuifunika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Marjorie Pask ulisikika mpaka kwenye meza ya jemu.

"Bwana Tillett, ule si mchoro, ule ni mto wetu, nimeuvuka miaka sita nikiwa na soksi mkononi, na wewe ni mjinga!"

Aliomba radhi kwa hilo la mwisho. La mto alilishikilia.

"Nimefundisha watoto miaka thelathini na nane, nimeitwa mabaya zaidi," anasema Bwana Tillett, mzee mrefu anayecheka kwa mabega. "Lakini nilimwonyesha doa jekundu. Katikati ya kijani chote kile, kando kidogo ya mwerebi wa tatu, palikuwa na doa dogo jekundu. Nikamwambia, mama yangu, hakuna mto unaoweka doa jekundu hapo hasa. Hiyo ni siri ya wachoraji. Wanaliweka ili jicho lako lipate pa kukaa. Akanishika mkono wa koti, akasema twende."

Mzee akachukua kofia yake. Ni hapo mtu anapomheshimu. Jaji mwingine angejifunga kwenye kiti chake na kusema uamuzi ni wa mwisho, na masharti yangemlinda.

Walipanga kwenda wawili. Roy akasema ng'ombe ni wake, lazima awepo. Len akasema mke ni wake. Mwenyekiti wa maonyesho akapanda kiti na kutangaza kwamba zawadi zinatolewa saa kumi kamili na hakuna ruhusa ya kutoka, kisha akagundua anavihutubia vitunguu, akawafuata watu. Watu wapatao sitini waliteremka kilima na kuvuka daraja hadi upande wa pili wa mto, robo tatu ya maili, wengine na vikombe vya chai, wengine na keki, mmoja na boga lake lililoshinda kwa sababu alihofia kuliacha.

Dulcie alisikia sauti akiwa ukingoni. Akageuka na kuwaona.

"Nilidhani pametokea moto," anasema.

Furaha aliyoipata alipoelewa wamekuja kwa nini haikudumu hata dakika. Ng'ombe huingia mtoni wakijisikia, jua likichoma na nzi wakiuma, na mchana ule ulikuwa wa mawingu. Juu ya hayo, watu sitini wenye vikombe wangewatimua hadi mwisho wa malisho. Bwana Tillett angeona maji matupu na nyasi, angerudi Stonley na imani yake ile ile, na swali la Roy lingebaki hewani milele.

Mwanamke huyu, ambaye majirani wanasema hajawahi kupandisha sauti kwa mtu, akapaza sauti.

"Kaeni chini! Wote! Kwenye nyasi, ndiyo, na suruali zenu nyeupe! Hakuna kusema, hakuna kusimama, hakuna kumpungia ng'ombe mkono. Roy, na wewe kaa, unajifanya hukusikia?"

Wakakaa. Bwana Tillett alitandika gazeti, akakaa mbele kabisa, magoti yakiwa yamemfika masikioni.

Anayewajua ng'ombe wachanga kama hawa wa Roy atakuwa ameshacheka. Hakuna mnyama mdaku kama huyo. Mtu aliyesimama humkimbia, lakini aliyekaa humfuata ajue kulikoni. Dakika tano hazikupita, wote wakaacha nyasi za ng'ambo, wakavuka mbio, wakaja kuwazunguka wanakijiji kwa duara moja la pumzi na mate. Mmoja alikula sandwichi ya tango ya Bi Marjorie pamoja na leso ya karatasi. Mwingine alimlamba Bwana Tillett upara, polepole, kuanzia nyuma kuja mbele. Na kwa kuwa Dulcie alisema wasisogee, hakuna aliyesogea.

"Nilikuwa nimefumba macho," anasema mzee. "Nikawaza, Ambrose, hizi ndizo gharama za sanaa."

Ndipo ikasikika sauti ndogo kutoka katikati ya umati. Roy Thurlow alikuwa anahesabu. Anasema hakukusudia, ni mazoea ya mfugaji, mdomo ulianza wenyewe. Kadiri alivyohesabu ndivyo sauti ilivyopanda, na watu wakageuza vichwa bila kugeuza miili.

"...ishirini na tisa, thelathini, thelathini na mmoja." Akavua kofia. "Wote wapo," akasema kwa nguvu, akimtazama Dulcie. "Thelathini na mmoja. Wote wapo."

Dulcie anasema kwake yeye mashindano yaliishia hapo, mengine yote yalikuwa nyongeza.

Nyongeza yenyewe haikuwa haba. Wingu likapasuka, jua likashuka juu ya malisho, na nzi wakaamka. Ng'ombe mmoja wa kijivu akainua mkia, akageuka, akaenda majini. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila haraka, mpaka wote wakawa wamesimama kivukoni, maji yakiwafika matumboni, vivuli vyao vimelala mbele yao. Juu yao mierebi. Nyuma yao mnara wa kanisa. Mawingu yakaanza kujipanga upya, meupe na makubwa.

Watu waliokuwa wakiishi hapo maisha yao yote waliweka vikombe chini, wakatazama. Bi Marjorie analia hata leo akisimulia, halafu anadai ni mafua.

Bwana Tillett alisimama, upara ukiwa bado unang'aa kwa mate. Akanyoosha kidole kando ya mwerebi wa tatu.

"Lile doa," akasema. "Lile jekundu ni nini?"

"Ndoo," akajibu Dulcie.

"Ndoo?"

"Ndoo ya chumvi ya ng'ombe, Bwana Tillett. Ilikuwa imeisha. Nimeipindua juu ya kigingi, maana pale kuna shimo la matope na ndama wawili walishazama. Nimeweka ili nione kwa mbali."

Mzee alicheka mpaka Len akamshika mkono asianguke.

"Miaka thelathini na nane nimewafundisha watoto kwamba doa lile ni siri ya wakubwa," akasema alipoweza kusema. "Kumbe huenda na wao walikuwa na ndoo!"

Msomaji atataka kusikia kwamba Dulcie alipewa kikombe. Hakupewa. Daftari lilishatiwa sahihi, na kifungu cha kumi na tatu kinasema uamuzi wa jaji haubadilishwi hata na jaji mwenyewe. Kikombe kilikwenda kwa picha ya paka juu ya trekta. Hakuna mtu Brendham aliyeona ajabu, kwa sababu kijiji kisichofuata masharti yake kitaishia wapi?

Lakini kabla ya zawadi kutolewa, Bwana Tillett aliomba ile kadi, akaigeuza, akaandika nyuma yake: Mahali hapa nimepaona kwa macho yangu. Akaweka jina lake na tarehe. Kadi hiyo sasa imetundikwa kwa Dulcie jikoni, upande huo ukiwa mbele.

Usiku ule alimpigia Roy simu kama kawaida na kusema wote wapo.

"Najua," akasema Roy, akakata.

Watu wa bonde hili hawaombi radhi kwa maneno, wengine hufa hawajajaribu. Jumatatu yake Dulcie alikuta mlangoni kuni kavu za kutosha majira yote ya baridi, zimepangwa vizuri ukutani, na mwenye kuzileta hajulikani mpaka leo, ingawa trekta la Roy lilionekana na kila mtu.

Tangu hapo picha ya kivukoni imekuwa kadi ya salamu inayouzwa kwenye duka la posta, na wageni huja na kamera kubwa kuitafuta. Dulcie huwaonyesha njia kwa ukarimu wote.

"Wanafika saa sita, saa sita na robo wameshaondoka," anasema. "Mto hata haujajua kama walikuja. Mwenye macho haambiwi tazama, sawa, lakini na yeye akae basi kidogo!"

Mwezi uliopita alipokea barua kutoka Stonley. Maonyesho yao ni Julai, wanahitaji jaji wa picha kutoka kijiji kingine, na mtu mmoja kwao amependekeza jina lake. Len anasema mkewe aliisoma mara tatu, akakaa kwenye ngazi, akaomba chai.

Amekubali. Ila hofu anayo, anavyosema mwenyewe. Usiku mwingine huamka akiwaza ameweka kadi mbaya mbele ya mtu aliyesema kweli.

Kwa hiyo ametengeneza mpango. Maonyesho ni Jumamosi, yeye ataondoka Alhamisi. Bwana Tillett amemwandalia chumba. Roy ndiye atakayepita malishoni siku hizo tatu na kumpigia simu kila jioni kumwambia wote wapo.

Utamwamini? anaulizwa.

"Itabidi," anasema, na kicheko chake kinamwamsha Moth.

Jua limepanda, ukungu umeshaondoka juu ya nyasi. Malisho yanayofuata yana ng'ombe 52 na lango lake halifunguki vizuri. Dulcie anavaa gambuti yake ya kushoto na kueleza atakachofanya Stonley hizo siku mbili: atatembea mashamba yao yote. Kuna kinamasi, kuna kinu kibovu, kuna njia ya reli iliyokufa ambako anasikia maua ni mengi. Atapita kote asubuhi, atarudia jioni, aone jua linaangukia wapi na mifugo husimama wapi.

"Nikiikuta pale mezani picha nzuri kupita kiasi," anasema, "sitaki kujiuliza mtu huyu kaiba wapi. Nataka nijiulize alisimama wapi, na alingoja muda gani."